Siasa Linganishi kwa Anayeanza: Mwongozo Kamili wa Kuuliza Swali, Kuchagua Nchi na Kupima Jibu

Siasa linganishi ni tawi la sayansi ya siasa linalochunguza namna madaraka yanavyopatikana, yanavyotumiwa, yanavyodhibitiwa na yanavyopotea ndani ya nchi, kwa kuziweka nchi mbili au zaidi mbele ya swali moja. Wanafunzi wengi huliingia somo hili wakitarajia kujifunza habari za nchi nyingi, na vitabu vingi vya utangulizi huwapa hicho hicho: sura moja ya Uingereza, nyingine ya Ufaransa, nyingine ya Nigeria, mpaka kitabu kinakwisha na hakuna kilicholinganishwa. Mwongozo huu unafuata njia tofauti. Nitaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, na kwa sehemu kubwa nitatumia nchi tatu za kusini mwa Afrika, yaani Botswana, Lesotho na Eswatini, ambazo naziona kuwa darasa bora kuliko mataifa makubwa yaliyozoeleka, kwa sababu zinafanana kwa mengi na zimeishia mahali tofauti kabisa.

Hatua ya kwanza: Ujue uwanja na ulikotoka

Kazi ya kulinganisha tawala ni ya kale. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na wanafunzi wake wanasemekana kukusanya katiba 158 za miji na dola za zama zao, na katika hizo ni ile ya Athens tu iliyotufikia kwa sehemu kubwa, kwenye mafunjo yaliyochapishwa mwaka 1891. Jambo la kujifunza kwake ni utaratibu, zaidi ya orodha. Aliuliza maswali mawili, kwamba wanatawala wangapi, na wanatawala kwa manufaa ya nani, kisha akayakutanisha majibu akapata aina sita za utawala. Mwanafunzi wa leo anayepanga nchi katika makundi bado anafanya hivyo hivyo: anachagua vipimo vichache vilivyo wazi, na aina zinatokana na vipimo, hazitangulii.

Hadi katikati ya karne ya 20, hata hivyo, somo hili lilikuwa kwa kiasi kikubwa usomaji wa katiba za Ulaya na Marekani. Lilibadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, dola mpya zilipozaliwa kwa wingi; mwaka 1960 peke yake nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Nyingi zilikuwa na katiba zilizofanana na za wakoloni wao, lakini mwenendo wa siasa zake haukufanana na maandishi hayo wala haukufanana baina yao. Wataalamu walilazimika kuangalia vyama, majeshi, matabaka, machifu, mapato ya madini na imani za wananchi, mambo ambayo katiba hazikuyataja au ziliyataja kwa juu juu. Hapo ndipo siasa linganishi ya sasa ilipoanzia.

Mpaka wake na somo la uhusiano wa kimataifa ni kwamba hili linaangalia yanayotokea ndani ya nchi, na lile linaangalia yanayotokea baina ya nchi. Mpaka huo una matundu, nasi tutaupita pale tutakapolazimika.

Hatua ya pili: Tenganisha dhana nne kabla ya kusoma nchi yoyote

Dhana hizi ni dola, serikali, mfumo wa utawala na taifa. Katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa bila madhara, lakini katika uchambuzi kuzichanganya huharibu hoja nzima.

Dola, kwa maelezo aliyoyatoa mwanasosholojia Mjerumani Max Weber katika mhadhara wake wa mwaka 1919 huko Munich, ni jumuiya inayodai kwa mafanikio kwamba ni yenyewe tu yenye haki ya kutumia nguvu ndani ya eneo fulani. Serikali ni watu wanaoshika uongozi wa dola hiyo kwa sasa. Mfumo wa utawala ni kanuni, zilizoandikwa na zisizoandikwa, zinazoamua nani aweza kuingia madarakani, kwa njia ipi, na mipaka yake ni ipi akishaingia. Taifa ni watu wanaojiona kuwa wamoja na wanaodai kujitawala kwa msingi huo.

Njia nzuri ya kuzielewa ni kuuliza, kila tukio linapotokea, nini hasa kimebadilika. Botswana mwaka 2024 chama kilichokuwa kimetawala tangu uhuru kilishindwa uchaguzi na kukabidhi madaraka. Serikali ilibadilika, mfumo wa utawala ukabaki. Lesotho mwezi Januari 1986 wanajeshi walimwondoa waziri mkuu. Serikali na mfumo vyote vilibadilika, dola na taifa vikabaki. Eswatini, iliyoitwa Swaziland hadi 2018, Mfalme Sobhuza II alifuta katiba mwezi Aprili 1973 na kupiga marufuku vyama. Mkuu wa nchi alikuwa yule yule wa siku iliyotangulia, lakini mfumo wa utawala ulikuwa mwingine. Somalia baada ya 1991 inaonyesha upande wa nne, kwa kuwa dola ilisambaratika huku sehemu kubwa ya watu wake wakishiriki lugha na dini moja. Anayeweza kuyaeleza matukio hayo manne kwa dhana zake sahihi amekwisha kuvuka kikwazo kinachowakwamisha wengi.

Onyo moja la mwanasayansi ya siasa wa Italia, Giovanni Sartori, alilolitoa mwaka 1970, linafaa kukaa karibu na kalamu. Alisema kwamba watafiti wakitaka dhana itoshee nchi nyingi zaidi huivuta mpaka inapoteza maana. Ukiita kila mkutano wa wazee demokrasia, na kila kundi la wabunge wanaokubaliana chama, utaweza kulinganisha nchi zote duniani lakini hutakuwa umesema chochote. Kanuni yake ni rahisi kuifuata: dhana yenye sifa nyingi hutosha nchi chache, na anayetaka kupanua idadi ya nchi apunguze sifa kwa uwazi, asizivute kimyakimya.

Hatua ya tatu: Andika swali lenye fumbo ndani yake

Swali la kulinganisha huzaliwa pale hali mbili zilizotarajiwa kufanana zinapotofautiana, au zilizotarajiwa kutofautiana zinapofanana. “Siasa za Lesotho zikoje?” si swali la fani hii, litazaa maelezo marefu na hakuna jibu litakaloweza kukosolewa. Linganisha na hili: Botswana, Lesotho na Swaziland zilipata uhuru kati ya Septemba 1966 na Septemba 1968, zote kutoka kwa Uingereza, zote zikiwa na vyama, uchaguzi na bunge, kwa nini ndani ya miaka saba ya kwanza uchaguzi ulifutwa Lesotho, katiba ikafutwa Swaziland, na Botswana ikaendelea kupiga kura bila kukatiza?

Swali hili lina mambo matatu ambayo kila swali zuri linayo. Linataja kitu kinachotofautiana, ambacho watafiti hukiita kigeu tegemezi: hapa ni kudumu au kuvunjika kwa uchaguzi wa ushindani. Linataja mipaka ya mahali na wakati. Na linaacha nafasi ya majibu zaidi ya moja, yaani nadharia tete (majibu ya kukisia yanayosubiri kupimwa) kadhaa zinazoweza kushindanishwa.

Mfano mwingine ambao ningependa kila mwanafunzi aujue ni utafiti wa Daniel Posner uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu Wachewa na Watumbuka. Mpaka wa Zambia na Malawi, uliowekwa na wakoloni, uliyakata makabila yote mawili, kila moja likawa na watu upande huu na upande ule. Lugha, mila na asili ya pande mbili ni zile zile. Hata hivyo upande wa Malawi watu wa makabila hayo walionana kama wapinzani wa kisiasa, na upande wa Zambia walionana kama washirika. Posner alieleza kwamba sababu ni ukubwa wa makundi hayo katika siasa za nchi nzima: Malawi kila kundi ni kubwa kiasi cha kufaa kuwa msingi wa chama, ilhali Zambia yote mawili ni madogo, hivyo wanasiasa hawapati faida kwa kuyagombanisha na watu wake hujumuika pamoja kama watu wa Mashariki. Swali moja dogo kuhusu vijiji vya mpakani likatikisa imani iliyoenea kwamba tofauti za mila zenyewe ndizo huzaa uhasama wa kisiasa.

Hatua ya nne: Chagua nchi kwa sababu unayoweza kuitetea

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Nchi huchaguliwa kwa kuwa zinajulikana, au kwa kuwa mwandishi anazipenda, kisha sababu hutafutwa baadaye.

Mantiki ya uchaguzi ilipangwa na mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill mwaka 1843 kwa njia ambazo bado zinatumika. Katika ya kwanza, njia ya tofauti, unatafuta nchi zinazofanana karibu kwa kila jambo ila matokeo, kisha unatafuta jambo jingine lililotofautiana; yale yaliyo sawa hayawezi peke yake kueleza kilicho tofauti. Katika ya pili, njia ya ukubaliano, unatafuta nchi zisizofanana zilizofikia tokeo moja, na unauliza zinashiriki nini. Theda Skocpol, katika utafiti wake wa mwaka 1979 kuhusu mapinduzi makubwa ya kijamii, aliziweka pamoja Ufaransa ya 1789, Urusi ya 1917 na China iliyoishia mapinduzi ya 1949, nchi zilizotofautiana kwa zama na itikadi, akaonyesha kwamba kote dola ya zamani ililemewa na ushindani wa nje huku wakulima wakiwa na uwezo wa kuasi. Tena hakuishia hapo. Alizitazama pia nchi ambako mapinduzi ya namna hiyo hayakutokea, na uangalifu huo ndio ulioipa kazi yake nguvu.

Nchi zetu tatu zinafuata njia ya tofauti. Zote zilikuwa chini ya Kamishna Mkuu mmoja wa Uingereza. Kila moja ina lugha moja kubwa inayozungumzwa na watu wengi: Setswana, Sesotho na siSwati. Zote zilikuwa katika umoja wa forodha na Afrika Kusini tangu 1910, zote zilipeleka wanaume wake kwenye migodi ya huko, na zote zilipata uhuru zikiwa maskini, zimezungukwa au kubanwa na utawala wa ubaguzi wa rangi. Kwa hiyo umaskini, ukoloni wa Kiingereza, wingi wa makabila na shinikizo la jirani, ambazo ni sababu zinazotajwa haraka kila demokrasia inapovunjika, haziwezi hapa kueleza tofauti iliyopo.

Mtego wa kuepukwa kwa nguvu zote ni kuchagua nchi zenye tokeo moja tu. Mtu anayetaka kujua chanzo cha mapinduzi ya kijeshi akikusanya nchi kumi zilizopinduliwa atakuta karibu zote zilikuwa maskini, na ataandika kwamba umaskini huleta mapinduzi. Hakuiangalia Tanzania, Zambia wala Malawi, ambazo zimekuwa maskini kwa miongo mingi na hakuna jeshi lililofanikiwa kutwaa serikali humo. Bila nchi ambazo tokeo halikutokea, hakuna ulinganisho, hata kama orodha ni ndefu.

Si lazima pia vinavyolinganishwa viwe nchi. Mikoa ya Italia iliyopewa serikali zake mwaka 1970, au Ujerumani mbili za 1949 hadi 1990, zimetoa baadhi ya kazi bora za fani hii, na nchi moja kabla na baada ya badiliko kubwa ni nchi mbili kwa macho ya mtafiti.

Hatua ya tano: Pima kwa kipimo unachokifahamu

Ukishasema demokrasia ilidumu Botswana, utaulizwa: kwa kipimo gani? Robert Dahl alipendekeza mwaka 1971 tuangalie mambo mawili, yaani kiasi cha ushindani unaoruhusiwa na upana wa ushiriki wa wananchi. Wengine hutumia makadirio ya wataalamu, kama mradi wa V-Dem (Varieties of Democracy, yaani aina za demokrasia) wenye makao Gothenburg, Sweden, au alama za Freedom House, taasisi ambayo kwa miaka mingi iliiweka Botswana katika kundi la nchi huru.

Sasa tazama kilichotokea kwa kipimo kingine. Adam Przeworski na wenzake, katika kazi ya mwaka 2000, waliweka kanuni kwamba nchi haihesabiwi kuwa ya kidemokrasia mpaka walio madarakani washindwe uchaguzi na kuondoka, kwa sababu kabla ya hapo hatuwezi kujua kama wangekubali kushindwa. Chama cha Demokrasia cha Botswana, kinachojulikana kwa herufi BDP, kilikuwa kinashinda kila uchaguzi. Kwa kanuni hiyo Botswana ikawekwa kwenye kundi la tawala za kidikteta, nchi ile ile, kwa miaka ile ile ambayo kipimo kingine kiliiita huru. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila kipimo kilibeba maamuzi yake, na waandishi wa kanuni ya mabadiliko ya madaraka walikiri wazi kwamba inaweza kuziweka baadhi ya nchi upande usio wake. Uchaguzi wa Oktoba 2024, ambapo BDP kiliangukia viti 4 kati ya 61 vilivyogombewa na rais akakubali matokeo ndani ya siku chache, ulileta ushahidi ambao usingeweza kupatikana kabla.

Kwa hiyo, kabla ya kuchukua alama yoyote kutoka kwenye jedwali la mtu mwingine, soma maelezo ya namna ilivyotolewa: nani alitoa alama, kwa maswali gani, na ni jambo gani kanuni hiyo haiwezi kuliona. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona hoja nyingi nzuri zikijengwa juu ya namba ambazo mwandishi hakuwahi kuuliza zimetoka wapi.

Hatua ya sita: Soma taasisi kwa kalamu na hesabu

Katiba isomwe kwa maswali mahsusi. Nani anamchagua mkuu wa serikali? Nani anaweza kumwondoa, na kwa kura ngapi? Nani anavunja bunge? Jina la cheo lisikudanganye. Mkuu wa Botswana anaitwa rais, lakini anapatikana kupitia wabunge waliochaguliwa na si kwa kura ya moja kwa moja ya wananchi, hivyo kwa asili ya madaraka yake anakaribiana zaidi na waziri mkuu wa Lesotho kuliko na rais wa Marekani.

Mfumo wa uchaguzi unastahili muda zaidi, na Lesotho inaufundisha vizuri kuliko nchi yoyote niijuayo. Hadi mwisho wa karne ya 20 ilitumia mfumo wa Kiingereza ambao mwenye kura nyingi jimboni huchukua kiti. Mwaka 1993 chama cha BCP (Basutoland Congress Party) kilipata takriban robo tatu ya kura na viti vyote 65. Mwaka 1998 chama cha LCD (Lesotho Congress for Democracy) kilipata karibu asilimia 60 ya kura na viti 79 kati ya 80. Fanya hesabu mwenyewe: 79 kugawanya kwa 80 ni karibu asilimia 99, kwa hiyo pengo kati ya kura na viti ni karibu alama 39. Chama cha BNP (Basotho National Party), kilichoungwa mkono na takriban mpiga kura mmoja kati ya wanne, kilibaki na kiti kimoja. Maandamano yakafuata, na mwezi Septemba 1998 majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia Lesotho huku sehemu ya katikati ya Maseru, mji mkuu, ikiteketea. Hapa ndipo mpaka wetu na uhusiano wa kimataifa unapovukwa, kwa kuwa mgogoro wa kugawana viti uliita majeshi ya nje.

Kuanzia uchaguzi wa 2002 bunge likawa na viti 120, 80 vya majimbo na 40 vya kusawazisha uwiano, na kila mpiga kura akawa na kura mbili, moja ya jimbo na moja ya chama. Utaratibu ni huu: chama kilichopata asilimia 20 ya kura za vyama kinastahili viti 24 katika 120, kama kimeshinda jimbo moja tu, kinaongezewa 23 kutoka fungu la uwiano. Chama kilichokwisha kupata stahili yake majimboni hakiongezewi kitu. Upinzani ukaingia bungeni bila kulazimika kushinda majimbo.

Lakini wanasiasa nao husoma sheria. Mwaka 2007 vyama vikubwa viliingia makubaliano na vyama vidogo: wafuasi wapige kura ya jimbo kwa chama kikubwa, na kura ya chama kwa mshirika mdogo asiyekuwa na majimbo, ili ushindi wa majimboni usikatwe kwenye hesabu ya uwiano. Mgogoro ukarudi kwa sura nyingine, na sheria ikarekebishwa mwaka 2011 ili mpiga kura awe na karatasi moja tu. Mwaka 2012 nchi ikapata serikali yake ya kwanza ya mseto, kisha uchaguzi mwingine ukaitishwa 2015 na mwingine tena 2017, kwa sababu miungano ilivunjika kabla ya muda wake. Mfumo uliondoa tatizo la watu wengi kukosa sauti, ukaleta tatizo la serikali zisizodumu. Mwanafunzi anayekariri kwamba uwakilishi wa uwiano ni mzuri au ni mbaya atakuwa hajafaidika na historia hii. Anayeweza kueleza ni kwa njia gani kanuni ilibadilisha mahesabu ya vyama, na vyama navyo vikaibadilisha kanuni, ameelewa kiini cha uchambuzi wa taasisi.

Hatua ya saba: Shindanisha maelezo kwa kufuata tarehe

Turudi kwenye swali letu la miaka saba ya kwanza. Maelezo yanayotolewa haraka zaidi kuhusu Botswana ni almasi: nchi ilipata utajiri, wananchi wakaridhika, siasa zikatulia. Yaweke kwenye mstari wa wakati. Almasi ya Orapa iligunduliwa mwaka 1967 na mgodi ukaanza kazi 1971. Uchaguzi wa Botswana wa 1965 na wa 1969 ulifanyika kabla mgodi huo haujatoa chochote. Lesotho ilifuta uchaguzi wake mwezi Januari 1970. Almasi yaweza kusaidia kueleza kwa nini Botswana iliendelea kutulia baadaye. Haiwezi kueleza kwa nini njia ziliachana, kwa sababu sababu haiji nyuma ya matokeo yake.

Maelezo ya pili ni jeshi, kwa kuwa Botswana haikuwa na jeshi hadi 1977. Lakini Lesotho nayo mwaka 1970 haikuwa na jeshi kamili. Waziri mkuu Leabua Jonathan aliwategemea polisi kuwazuia wapinzani. Na Botswana imekuwa na jeshi tangu 1977 bila kupinduliwa. Maelezo haya yanasaidia kidogo kwa 1986, hayasaidii kwa 1970.

Maelezo ya tatu ni kwamba watawala huvunja kanuni wanapokaribia kushindwa. Lesotho inayaunga mkono kikamilifu, maana chama cha Jonathan, BNP, kilikuwa kinaelekea kushindwa wakati hesabu ya kura iliposimamishwa. Botswana inayaunga mkono nusu, kwa kuwa BDP kilipata viti 24 kati ya 31 mwaka 1969 na hakikuwa na hofu. Swaziland inayatatiza: mwaka 1972 chama cha mfalme, Imbokodvo, kilichukua viti 21 kati ya 24, na upinzani ulipata vitatu tu, lakini katiba ikafutwa mwaka uliofuata. Viti vitatu havikuwa tishio la kushindwa.

Ndiyo maana naegemea maelezo ya nne, yanayoangalia uhusiano wa mamlaka ya jadi na sanduku la kura. Seretse Khama wa Botswana alikuwa mrithi wa uchifu wa Bangwato, mojawapo ya makabila ya nchi hiyo, aliyeuacha, akaingia siasa na kupata madaraka kwa kura. Nchi ilikuwa na machifu kadhaa na hapakuwa na mfalme mmoja juu yao, na mamlaka yao ya kugawa ardhi yalihamishiwa kwenye bodi za ardhi kwa sheria ya 1968. Lesotho ilikuwa na nyumba moja ya kifalme, na Mfalme Moshoeshoe II na waziri mkuu wake walivutana tangu mwanzo. Swaziland ilikuwa na mfalme aliyetawala tangu 1921, ambaye uhalali wake haukutokana na katiba, hivyo hata upinzani mdogo bungeni ulikuwa changamoto kwa kanuni asiyoihitaji. Botswana aliyekuwa na heshima ya jadi aliihitaji kura. Lesotho mamlaka mbili ziligombana. Swaziland moja iliweza kuishi bila nyingine.

Hata hivyo nchi tatu ni chache kuliko sababu zinazowezekana, na kwa nchi tatu mtu hawezi kuzitenganisha zote. Tatizo hili lina dawa tatu. Unaweza kuongeza nchi. Unaweza kuongeza muda, ukaangalia nchi ile ile katika vipindi tofauti. Au unaweza kuingia ndani ya nchi moja na kufuata mlolongo wa matukio, kumbukumbu za vikao, barua na hotuba, ili kuona kama wahusika walitenda kwa sababu unayodai.

Hatua ya nane: Kusanya vyanzo na uandike

Kwa maoni ya wananchi barani Afrika, anza na Afrobarometer, inayofanya utafiti tangu 1999; kwa muundo wa mabunge tumia takwimu za Umoja wa Mabunge Duniani; kwa matokeo ya uchaguzi nenda kwenye tume ya uchaguzi ya nchi husika na uyalinganishe na chanzo kingine. Katiba isome yenyewe, pamoja na marekebisho yake. Historia ya nchi soma angalau kazi mbili zilizoandikwa na watu wasiokubaliana.

Katika kuandika, epuka kupanga sura kwa nchi. Panga kwa sababu: sehemu ya almasi iziguse nchi zote tatu, sehemu ya jeshi iziguse zote, na kila sehemu iishie kwa kusema maelezo hayo yamepona au yameanguka. Eleza pia, kwa sentensi moja iliyo wazi, ni ushahidi gani ungekufanya uliache jibu lako.

Kabla ya aya ya kwanza, chora jedwali. Mistari iwe nchi, safu ziwe utajiri wakati wa tukio, jeshi, hatari ya watawala kushindwa, mamlaka ya jadi, na mwisho kabisa tokeo. Jaza zile tatu, kisha ongeza Mauritius, iliyopata uhuru mwaka 1968 pia kutoka kwa Uingereza. Haina jeshi la kawaida, haina mfalme wala machifu, jamii zake zina asili nyingi, na mwaka 1982 waliokuwa madarakani walipoteza viti vyote vya kuchaguliwa moja kwa moja wakaondoka. Angalia ni maelezo gani kati ya manne yanaendelea kusimama baada ya mstari huo wa nne kujazwa, na yapi sasa yanahitaji kuandikwa upya.